China: somo la afya lililozaliwa na tauni, na saa yake inayochukuliwa na hesabu

Katikati ya asubuhi, katika shule nyingi za China, kipaza sauti kilicho ukutani hutoa muziki laini. Wanafunzi huweka kalamu chini, hufumba macho na kuanza kujikanda kwa vidole kandokando ya macho, huku sauti ikihesabu: moja, mbili, tatu, mpaka nane, kisha tena kutoka moja. Dakika kama tano zinapita. Muziki unakwisha, macho yanafunguliwa, somo la hesabu linaendelea.

Mazoezi hayo yalisambazwa nchini kote tangu mwaka wa 1963. Babu wa miaka 70 anayajua, na mjukuu wake wa miaka minane anayajua. Hata hivyo, mwaka wa 2018 wakuu wa afya walipopima macho ya watoto na vijana, waliona kwamba 53,6 kwa mia hawaoni vizuri vitu vya mbali. Shule za msingi walikuwa 36 kwa mia. Sekondari ya chini, 71,6. Sekondari ya juu, 81. Kwa maneno mengine, ukiingia katika darasa la wanafunzi 50 wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, 40 kati yao wanahitaji miwani.

Inawezekanaje nchi iliyofundisha watoto kutunza macho kwa zaidi ya nusu karne ikafika hapo? Ili kuelewa, ni lazima kurudi nyuma sana, hadi wakati ambapo China haikuwa bado na shule za namna tunazozijua leo.

Neno lililokwenda Japani likarudi

Wachina wanaita mambo ya usafi na afya ya umma "weisheng". Ni neno la zamani. Kwa karne nyingi lilimaanisha kuulinda uhai wako mwenyewe: kula kwa kiasi, kulala vizuri, kutuliza pumzi, kufuata majira. Lilikuwa jambo la mtu na mwili wake, serikali haikuwemo.

Katika miaka ya 1870, daktari wa Japani aitwaye Nagayo Sensai alitafuta neno la kutaja kazi mpya aliyoiona Ulaya: serikali kusimamia maji, uchafu, karantini na chanjo. Alilikuta katika kitabu cha kale cha Kichina, kile cha Zhuangzi, akalichukua. Baada ya miaka michache neno lilirudi nyumbani kwao likiwa na maana nyingine kabisa. Sasa lilimaanisha pia polisi anayekagua choo chako.

Mji wa Tianjin ulionja maana hiyo mapema. Majeshi ya kigeni yaliuteka mwaka wa 1900 wakati wa vita vya Mabondia, na walipoukabidhi tena kwa Wachina mwaka wa 1902, mji ulikuwa tayari na utawala wa usafi ulioletwa na wageni hao. Kwa wakaaji wengi, usafi ulifika pamoja na bunduki. Jambo hilo halikusahaulika upesi, na linasaidia kueleza kwa nini viongozi wa China waliokuja baadaye, wa siasa zote, walilichukua suala la afya kama suala la heshima ya taifa.

Mwaka wa 1904 utawala wa kifalme wa Qing ulitangaza mpango mpya wa shule kwa kufuata mfano wa Japani. Mafunzo juu ya mwili wa binadamu na usafi yaliingizwa ndani ya somo la viumbe kwenye sekondari. Ilikuwa sehemu ndogo ya kitabu, kwa watoto wachache sana waliobahatika kusoma.

Tauni ya Harbin

Kilichowashtua watu hasa ni ugonjwa. Kuanzia mwisho wa 1910 hadi majira ya kuchipua ya 1911, tauni ya mapafu iliua watu karibu elfu 60 huko Manchuria, kaskazini-mashariki. Serikali ilimtuma Harbin daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge. Wu alifikia haraka uamuzi kwamba ugonjwa huo ulipita kwa pumzi, mtu hadi mtu, bila kusubiri panya wala kiroboto. Akawataka watu wafunike mdomo na pua kwa barakoa ya pamba na kitambaa chepesi.

Daktari Mfaransa Gérald Mesny, aliyekuwa na uzoefu mkubwa kuliko yeye, hakukubaliana naye. Alikwenda kuwaona wagonjwa bila barakoa. Baada ya siku chache alikufa kwa tauni. Watu hawakuhitaji tena kuelezwa.

Aprili 1911, mkutano wa kimataifa juu ya tauni ulifanyika Mukden, mji unaoitwa leo Shenyang, chini ya uenyekiti wa Wu. Miezi michache baadaye ufalme ulianguka, lakini wazo lilibaki kwa wasomi: watu wa kawaida wasipoelewa jinsi ugonjwa unavyosafiri, madaktari wachache waliopo hawataweza kitu.

Kuanzia hapo yalikuja mambo mengi kwa pamoja. Mmarekani W. W. Peter, daktari wa chama cha YMCA, alizunguka miji akitoa mihadhara ya afya kwa picha kubwa na vifaa vya kuchezesha jukwaani, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Mageuzi ya shule ya 1922 na mtaala uliofuata viliipa afya nafasi katika ratiba ya watoto wadogo. Mwaka wa 1925 kituo cha afya cha mtaa kilifunguliwa mjini Beijing kwa juhudi za John B. Grant, mwalimu wa chuo cha udaktari kilichofadhiliwa na Rockefeller, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupima wanafunzi wa shule za eneo hilo. Mwaka wa 1929 wizara ya elimu na ile ya afya zilitoa mpango wa pamoja wa afya shuleni.

Kwenye karatasi yote yalikuwa mazuri. Vijijini, waliko Wachina wengi, hakuna aliyekuwa ameyasikia.

Dingxian: mkulima mwenye sanduku la dawa

Ndiyo maana hadithi ya Dingxian, wilaya yenye watu karibu laki nne katika jimbo la Hebei, inastahili kusimuliwa polepole.

Yan Yangchu, ambaye wageni walimwita James Yen, alikuwa amekwenda Ufaransa wakati wa vita vya kwanza vya dunia kuwahudumia vibarua wa Kichina waliokuwa wakifanya kazi nyuma ya mstari wa vita. Alianza kwa kuwaandikia barua za nyumbani. Akachoka kuandika, akaanza kuwafundisha waandike wenyewe. Aliporudi aliunda chama cha elimu ya watu wengi, na kukipeleka Dingxian. Alisema mkulima wa China ana maadui wanne: ujinga, umaskini, udhaifu wa mwili, na ubinafsi.

Kwa adui wa tatu alihitaji daktari. Akampata Chen Zhiqian, aliyemaliza masomo Beijing mwaka wa 1929 na kufanya kazi kwa muda katika shule ya walimu wa vijijini ya Xiaozhuang, karibu na Nanjing, iliyoongozwa na mwalimu maarufu Tao Xingzhi. Serikali iliifunga shule hiyo mwaka wa 1930. Chen akaenda kusoma Marekani, akarudi, na mwaka wa 1932 akashika kazi Dingxian.

Tatizo aliloliona lingeeleweka na muuguzi yeyote wa kijijini. Daktari mmoja ni ghali, hataki kukaa kijijini, na hata akikaa hawezi kufika kila nyumba. Chen hakungoja madaktari. Alikwenda kwa vijana waliomaliza shule za kisomo za Yan, wakulima waliojua kusoma maandishi ya kawaida, akachagua mmoja kwa kila kijiji. Mafunzo yalichukua siku kama kumi. Kisha kijana alipewa sanduku dogo lenye dawa chache za kawaida na kazi zinazohesabika: kuchanja watu dhidi ya ndui, kuandika nani amezaliwa na nani amekufa, kuangalia visima, kutibu magonjwa mepesi, na kumtuma mgonjwa mzito kwenye kituo cha juu. Kituo kilikuwa na daktari. Juu ya kituo kulikuwa na hospitali ya wilaya.

Ninaona kitu kimoja muhimu hapa ambacho mara nyingi hupitwa haraka. Mfanyakazi huyo wa afya alitoka darasani. Asingejua kusoma, asingeweza kuandika daftari la vifo. Na bila daftari la vifo, Chen asingejua watu wa Dingxian wanakufa na nini. Shule na zahanati zilikuwa kitu kimoja. Mkulima aliyejifunza maneno yake ya kwanza katika kitabu cha kisomo alikuwa ndiye anayekuja na sindano mwaka unaofuata, na jirani zake walimwamini kwa sababu walimjua baba yake.

Mwaka wa 1937 jeshi la Japani liliingia, na kazi ya Dingxian ikakatika. Mpangilio wake wa ngazi tatu ungeonekana tena miaka mingi baadaye, bila jina la Chen juu yake.

Watoto wanageuzwa askari

Chama cha Kikomunisti kilipochukua nchi mwaka wa 1949, shule zilijaa watoto waliochoka: chakula kidogo, masomo mengi, mikutano mingi. Juni 1950, Mao Zedong alimwandikia waziri wa elimu, Ma Xulun, akimtaka aweke afya mbele na masomo nyuma yake. Alirudia agizo hilo mwanzoni mwa 1951. Novemba mwaka huo yalianza mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio, mfano uliotoka kwa adui wa jana, Japani. Wanafunzi wanajipanga uwanjani, redio inahesabu, mikono inakwenda juu. Mazoezi ya pamoja uwanjani yapo hata leo.

Mwaka wa 1952, wakati wa vita vya Korea, China iliwashutumu Wamarekani kwamba wanarusha wadudu wenye vijidudu vya magonjwa. Marekani ilikana, na wanahistoria wanabishana hadi sasa. Kilicho wazi ni kwamba shutuma hiyo ilizaa kampeni kubwa ya usafi iliyoitwa ya kizalendo. Mitaro ilizibuliwa, takataka zikazolewa, na watoto wa shule wakapewa kazi ya kuwinda nzi na panya.

Mwaka wa 1958 kampeni ilipanda daraja. Maadui walitajwa wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro aliingizwa humo kwa kosa la kula nafaka. Wanafunzi walitoka na ngoma, sufuria na masinia, wakapiga kelele mchana kutwa ili ndege wasiweze kutua. Walianguka kwa uchovu. Wengi waliokuwa watoto wakati huo wamesimulia siku hizo kama sikukuu: hakuna masomo, kuna kelele, na mwalimu anakusifu.

Mtaalamu wa ndege Zheng Zuoxin na wenzake walipasua matumbo ya shomoro na kuonyesha kwamba ndege huyo hula pia wadudu wengi wanaoharibu mazao. Mwaka wa 1960 shomoro aliondolewa kwenye orodha na kunguni akachukua nafasi yake. Wakati huo nchi ilikuwa ndani ya njaa kubwa, ambayo sababu yake kuu ilikuwa siasa ya kilimo ya serikali, ingawa wadudu nao walichangia.

Itakuwa si haki kuishia hapo. Kampeni zile zile zilipambana na kichocho, ugonjwa ambao wakaaji wa kandokando ya Ziwa Albert, kwetu Ituri, wanaujua vizuri. Watu walifundishwa kwamba mdudu wake anapitia kwa konokono wa majini, mitaro ya zamani ikafukiwa, na mwaka wa 1958 wilaya ya Yujiang, jimbo la Jiangxi, ilitangazwa kuwa imeumaliza. Chanjo nayo ilimaliza ndui. Mtoto aliyejifunza kuchemsha maji alilipeleka somo hilo kwa mama yake ambaye hakuwahi kuingia darasani. Lakini kuna tofauti kati ya kumfundisha mtoto kwa nini nzi ni hatari na kumhesabia nzi aliowaua. La pili ni rahisi kuliandikia ripoti.

Mwaka wa 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalifunga shule, na somo la afya likapotea pamoja na mengine.

Kipindi kimoja kila wiki tatu

Shule zilipoinuka tena, Mei 1979, viongozi wa elimu na afya walikutana mjini Yangzhou kujadili michezo na afya shuleni. Baadaye ulianza utaratibu wa kupima miili ya wanafunzi nchini kote kila baada ya miaka kadhaa: urefu, uzito, mapafu, macho. Hapo ndipo tarakimu za macho zilipoanza kutisha.

Sheria kubwa ilikuja Juni 1990. Iliagiza shule ziingize elimu ya afya katika mpango wa masomo, na kwamba shule za mijini na zile kubwa za vijijini ziwe na chumba cha afya chenye mfanyakazi mmoja wa afya kwa kila wanafunzi 600. Ni kipimo kizuri. Shule nyingi, hasa za mbali na miji, hazijawahi kukifikia.

Kisha SARS. Aprili 2003, Beijing ilifunga shule za msingi na sekondari, watoto milioni 1,7 wakabaki nyumbani. Kama ilivyokuwa mwaka wa 1911, ugonjwa ulifanya kile ambacho barua za wizara hazikuweza: kila mzazi alitaka mtoto wake ajue kunawa mikono.

Mei 2008 tetemeko la Wenchuan liliangusha shule nyingi za jimbo la Sichuan na kuua maelfu ya wanafunzi. Katika sekondari ya Sangzao, mkurugenzi Ye Zhiping alikuwa ametumia miaka akitafuta pesa za kuimarisha jengo baya la shule yake, na tangu 2005 aliwazoesha wanafunzi kukimbia nje kwa mpangilio. Siku ya tetemeko, zaidi ya wanafunzi 2.000 walitoka wote wakiwa hai. Desemba mwaka huo wizara ya elimu ilitoa mwongozo mpya wa elimu ya afya wenye sehemu tano: tabia njema za maisha, kinga dhidi ya magonjwa, afya ya akili, ukuaji na balehe, na usalama wakati wa hatari.

Mwongozo unataka vipindi sita au saba kwa muhula. Ukigawanya, ni kama kipindi kimoja kila wiki tatu. Na hicho kimoja hakina mlinzi. Mtihani wa kuingia chuo kikuu haukiulizi, basi mwalimu wa hesabu akiomba akikopeshe, anakopeshwa.

Katuni na jua

Je, somo la afya linaleta tofauti yoyote? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa maneno matupu. China ina majibu mawili yaliyopimwa.

La kwanza ni la Linxiang, jimbo la Hunan. Watafiti walichukua shule 38 za vijijini. Nusu yao watoto wa miaka tisa na kumi walionyeshwa katuni ya dakika 12 kuhusu minyoo ya tumbo: inaingiaje, inatokaje, mtoto afanye nini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2013. Watoto wote walipewa dawa ya minyoo mwanzoni. Mwaka wa shule ulipokwisha, walioambukizwa upya walikuwa 8,4 kwa mia katika shule zisizoonyeshwa katuni, na 4,1 kwa mia katika zile zilizoonyeshwa. Watafiti walipochungulia nani ananawa mikono baada ya choo, upande wa katuni karibu wote walinawa. Upande mwingine, nusu tu.

La pili ni la Guangzhou, na linarudi kwenye macho. Katika shule 12 za msingi, nusu zilipewa kitu rahisi: dakika 40 zaidi kila siku nje ya darasa, kwenye mwanga wa jua. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa 30,4 kwa mia kwa waliotolewa nje, dhidi ya 39,5 kwa wenzao. Mazoezi ya kukanda macho hayajawahi kutoa ushahidi wa namna hiyo.

Kumbe darasa lenyewe lilikuwa sehemu ya ugonjwa. Mtoto anayekaa ndani toka asubuhi hadi usiku, pua karibu na daftari, hawezi kuokolewa na dakika tano za vidole. Lakini dakika tano hazigombani na ratiba. Dakika 40 zinagombana nayo, na mzazi anayewaza mtihani atauliza kwa nini mtoto wake anacheza.

Kitabu kilichorudishwa

Kuna sehemu nyingine ambayo ratiba siyo tatizo peke yake. Waziri Mkuu Zhou Enlai alihimiza tangu 1963 kwamba wasichana na wavulana waelezwe mabadiliko ya miili yao kabla hayajawafikia. Ilibidi kungoja hadi 1988 ili serikali iagize rasmi mafunzo ya balehe katika sekondari. Mara nyingi mwalimu aliwaambia wanafunzi wazisome kurasa hizo nyumbani.

Mwaka wa 2017, katika shule moja ya msingi mjini Hangzhou, mama mmoja aliona kitabu cha mwanawe kilichoandaliwa na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing. Kilichora mwili wa binadamu na kutaja viungo kwa majina yake. Aliweka picha mtandaoni akilalamika. Wengine walimuunga mkono, wengine wakasema hicho ndicho kitabu walichokikosa utotoni na kwamba mtoto asiyejua jina la kiungo chake hawezi hata kueleza kwamba ameguswa vibaya. Shule ilikikusanya kitabu na kukirudisha.

Miaka minne baadaye, tarehe 1 Juni 2021, sheria mpya ya kulinda watoto ilianza kutumika. Kifungu cha 40 kinazitaka shule na vituo vya watoto wadogo vitoe elimu ya jinsia inayolingana na umri. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kuandikwa wazi katika sheria hiyo.

Mtaala wa 2022 nao umelipa somo la viungo na afya kati ya 10 na 11 kwa mia ya saa zote za masomo, nafasi kubwa kuliko ya Kiingereza. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, michezo na afya vimeandikwa katika mstari mmoja. Katika shule nyingi mwalimu wake ni yule yule mwenye filimbi shingoni, na wanafunzi wanapomwona anakuja wanakimbilia uwanjani kutafuta mpira.